Umeme ukirudi Kasha, kwaya ya Maman Adèle hutawanyika

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Mvua imeacha kunyesha Kasha, mtaa wa kilimani mjini Bukavu, na tope la kilima kizima limeingia na viatu vya wanakwaya hadi ndani ya ukumbi wa parokia. Hakuna umeme. Mlango umeachwa wazi ili mwanga wa nje uingie. Mbele ya mabenchi amesimama mwanamke mfupi, nyusi nyeupe kwa unga wa muhogo, mkono wa kulia juu.

"Besi, mungoje. Alto njo inaanza. Besi, nilisema mungoje!"

Alto zinaanza, chini na taratibu. Tenor wanazifuata, kama mtu anayepanda kilima nyuma ya mwenzake. Kwa muda mfupi bati linalovuja linasahaulika, tope linasahaulika, na hata mbuzi aliyefungwa dirishani anaacha kulia.

Ndipo balbu iliyo juu ya ubao inawaka.

Ukelele mmoja unapanda kutoka kila upande wa kilima: "Courant imekuya!" Redio zilizosahauliwa bila kuzimwa tangu Jumatatu zinaanza kuongea zote pamoja. Ignace Akilimali, mchomeleaji wa milango ya chuma na nguzo ya besi, amefika mlangoni kabla mkono wa mwalimu wake haujashuka.

"Ignace! Rudi hapa! Ubeti haiyaisha!"

"Maman, nitarudi! Niko na mulango ya mutu!"

"Huo mulango uliuanza tangu Pasaka!"

Nyuma ya Ignace anapita Gloire, kinyozi, ambaye ni tenor. Nyuma ya Gloire anapita Colette wa alto, anayepiga pasi nguo za watu. Yeye angalau ana adabu ya kuomba radhi: "Pole, maman. Pasi inaniita."

Wanabaki wazee wawili na msichana mmoja ambaye, kwa kukiri kwake mwenyewe, aliingia kujikinga mvua. Mwalimu wa kwaya anaitazama balbu kama mtu anavyomtazama shemeji anayefika kila siku wakati wa chakula. Kisha anakaza kitenge chake, anavua viatu avishike mkononi, na kukimbia yeye mwenyewe.

"Mimi peke yangu mu Bukavu muzima njo ninachukiaka courant," anasema akiteremka njia ya utelezi. "Na courant njo inanilishaka."

Anaitwa Adèle M'Rusagara, mama wa watoto watano, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja. Watu wa Kasha humwita Maman Adèle wa Moulin, kwa sababu ndiye anayeendesha mashine ya kusaga unga iliyo chini ya kanisa, kando ya barabara. Muhogo mkavu hushuka kwa mashua kutoka Kalehe, hupandishwa Kasha mgongoni mwa wanawake, na huishia kwenye mdomo wa mashine hiyo.

Siku yenye umeme wa kutosha, Maman Adèle hupata franki elfu kumi na tano hivi. Siku isiyo na umeme hapati kitu. Na siku zisizo na umeme ni nyingi.

Inachosha kulieleza jambo hili kwa mgeni. Mto Ruzizi unatoka ziwani hapa hapa. Mabwawa yapo, nyaya zimepita juu ya mapaa yetu, nguzo zimesimama. Mtoto wa Bukavu anazaliwa karibu na bwawa na kusoma kwa mshumaa. Umeme haubishi hodi unapokuja, wala hauagi unapoondoka. Unaweza kukaa dakika chache au hadi asubuhi, na hakuna anayejua. Ndiyo maana hakuna anayesubiri amalize alichokuwa akifanya.

Kila mtu anakimbia, na kwaya inakimbia pamoja na wengine.

Wimbo wanaoukimbia una umri wa miaka mia nne. Ulitungwa Ujerumani, kwa sauti nne, uimbwe katika Majilio, yale majuma manne ya kuingojea Noeli. Padre mmoja mmisionari, marehemu sasa, aliuleta parokiani na kuutia maneno ya Kiswahili. Jina la wimbo la kwenye kitabu limesahaulika. Kwaya huuita Muzito.

Hauna ngoma wala kinanda. Unaanza kwa hatua nzito, sauti zote nne pamoja. Katika ubeti wa tatu sauti zinaachana: alto wanatangulia, tenor wanafuata, besi wanaingia chini yao kama msingi, na mwisho soprano wanafunika. Mmoja akikosa kuingia, nyumba nzima inaanguka.

Maneno yake si ya kubembeleza. Ni maneno ya watu waliochoka kuahidiwa. Wanauliza utakuja lini, na hawaulizi kwa sauti ya chini.

"Nyimbo zingine za Majilio zinangojaka na adabu," anasema Maman Adèle. "Huu hapana. Huu unagongaka mulango. Sasa niambie, nani mu Kasha hawezi kuuelewa?"

Baba yake, fundi mwashi, aliuimba kwa besi kila mwaka hadi alipofariki. Yeye aliujifunza akiwa chini ya benchi, akicheza na kamba za viatu vya wanakwaya. Alipokabidhiwa kwaya, alipewa funguo za ukumbi, kabati lisilofungika, na Muzito.

Mwaka jana alikaribia kuunyang'anywa.

Hapa inabidi kueleza namna yake ya kazi. Parokia haina kinanda cha kutegemewa, na Maman Adèle hana kifaa chochote cha kupimia sauti. Ana mashine. Kwa miaka yote, mashine ya kusaga inapokuwa imeshika kasi, muhogo ukiwa ndani, huwa inavuma kwa sauti moja iliyonyooka. Sauti hiyo ndiyo noti yake ya kwanza. Huisikiliza, huichukua mdomoni, na kupanda nayo hadi ukumbini akiivumisha puani, bila kumsalimia mtu njiani asije akaipoteza. Majirani wamezoea. Wakimwona amefunga mdomo na kutazama mbele, wanampisha.

Mwaka jana, Novemba nzima, umeme ulikuja ukiwa dhaifu. Balbu zilikuwa na rangi ya chungwa. Mashine ilizunguka kwa kujikokota, na uvumi wake ukashuka. Maman Adèle akaichukua noti hiyo kama alivyoichukua siku zote, na kuipandisha kilimani.

Mtu angedhani wanakwaya wangegundua. Wangegundua vipi? Hawakuwahi kukaa wote pamoja hadi mwisho wa ubeti. Jumanne walikuja alto bila besi. Alhamisi walikuja besi bila tenor. Kila kundi liliona uzito kidogo, na kila kundi likadhani ni mafua.

Jumapili ya kwanza ya Majilio, sauti nne zilikutana kwa mara ya kwanza mbele ya kanisa lililojaa. Besi walikuwa chini kiasi kwamba walifungua midomo na hakikutoka kitu. Alto waliimba kama wanaume. Katika ubeti wa tatu tenor waliingia, wakageuka kuwatafuta besi, hawakuwaona, wakanyamaza. Soprano waliendelea peke yao, wakitetemeka, mpaka mtu fulani nyuma akacheka.

Kwaya ya vijana, yenye ngoma na piano ya umeme, ikadaka Misa na kuimalizia kwa makofi.

"Nilitaka sakafu inimeze," anasema Maman Adèle. "Na Ignace ananiambia nini? Ananiambia, maman, nilifikiri leo unataka tuimbe kimoyomoyo."

Aliyegundua kosa hakuwa Mkristo. Papa Djafari, mwenye mashine, ni Mwislamu wa familia ya wafanyabiashara wa Uvira. Anauza chumvi na mafuta kwenye duka linalopakana na mashine, na kwa kusikia Muzito ukivumishwa kila Novemba ameushika wote, sauti zote nne.

"Jumatatu alikuya hapa na uso kama ya kilio," anasimulia Papa Djafari, akicheka bila kuficha. "Nikamwambia, Maman Adèle, courant iko munyonge, mashine iko munyonge, sasa weye ulitaka wimbo itoke wapi na nguvu? Akanitazama. Nilifikiri atanipiga na chekeche."

Abbé Alphonse, paroko, si mtu mkali, lakini alikuwa amechoka pia. Alisema mbele ya baraza la parokia kwamba Muzito utapewa mwaka mmoja zaidi. Ukianguka tena, Jumapili ya kwanza ya Majilio itakuwa ya kwaya ya vijana, na wimbo utawekwa kabatini.

"Kabati yenyewe haifungikake," anaongeza Maman Adèle kwa uchungu.

Kwa hiyo mwaka huu ulianza kwa vita kati yake na wanakwaya. Mji umeona mengine makubwa zaidi mwaka huu, na hayatoshi kwenye makala haya. Itoshe kusema kwamba tenor wawili walikimbilia Kamanyola kwa ndugu zao na hawajarudi, na mmoja hakuna anayejua aliko. Jina lake bado linaitwa kila mazoezi yanapoanza. Kisha wanaitwa wengine.

Kwa waliobaki, Maman Adèle alijaribu mazoezi ya alfajiri. Alikuja yeye na mbuzi wa dirishani. Alijaribu kuwafuata nyumbani, akakuta wamejificha. Mwishoni aliweka faini: atakayeondoka kabla ya sala ya kufunga atalipa kipande cha sabuni.

Ilikuwa kosa kubwa. Wanakwaya walianza kuja na sabuni mfukoni. Umeme ukirudi, mtu anaweka sabuni yake kwenye benchi, kwa heshima, na kuondoka na dhamiri safi.

"Sasa tuko na sabuni kuliko tenor," anasema. "Tutasafisha parokia nzima. Kuimba, hapana."

Siku Ignace alipoweka sabuni yake kwa mara ya nne, Maman Adèle aliichukua na kumrushia mgongoni.

"Sitaki sabuni yako! Weye uko fundi wa chuma. Unikatie chuma yenye inasema noti yangu!"

Ignace alisimama mlangoni. Anasema alidhani ni matusi. Kisha akakuna kichwa, akauliza, "Chuma ya namna gani?"

Likawa jambo la kweli. Siku moja ya wiki iliyofuata umeme ulikuja mchana ukiwa na nguvu zake zote, balbu nyeupe kabisa. Ignace alishuka kwenye mashine na kipande kirefu cha nondo kilichobaki kwenye kazi fulani, akakining'iniza kwa kamba mlangoni mwa duka la Papa Djafari. Maman Adèle akamimina muhogo. Mashine ikashika kasi na kuvuma.

Ignace akagonga chuma kwa nyundo ndogo.

"Iko chini," akasema Maman Adèle.

Akakata ncha kwa msumeno. Akagonga tena.

"Iko chini."

Wanawake waliokuja kusaga waliweka mabeseni yao chini na kusogea. Kila mmoja alikuwa na maoni. Mmoja alisema kiko juu, mwingine akamwambia masikio yake yana unga. Ignace alikata, akagonga, akakata.

"Iko pale pale!" akapiga kelele Papa Djafari. "Wacha!"

"Bado kidogo," akasema Ignace, na mkono wake ukakata kidogo.

Chuma kikapita. Kilikuwa juu, na hakuna mtu duniani anayejua kurefusha nondo iliyokatwa. Papa Djafari akamwita jina ambalo halitaandikwa hapa. Maman Adèle akakaa juu ya gunia na kufunika uso kwa kitenge, na mwanamke mmoja akauliza kwa upole kama unga wake utasagwa leo au baada ya Noeli.

Ignace aliondoka. Alirudi na nondo nyingine. Safari hii hakutumia msumeno hadi mwisho. Karibu na mwisho alishika tupa, akasugua, akagonga, akasugua, mpaka chuma na mashine vikatoa sauti moja na mtu asiweze kusema kipi ni kipi. Papa Djafari aliinua mkono kama refa. Ignace akaweka tupa chini.

"Mulango wa yule mutu hauyaisha mupaka leo," anasema Maman Adèle. "Lakini chuma niko nayo."

Kuanzia hapo chuma hicho kilipanda kilimani kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa, na Maman Adèle akaanza tena kusalimia watu njiani. Kuhusu wanakwaya, hakuna kilichobadilika. Umeme ulirudi, wakaondoka. Hadi mkesha wa Jumapili ya kwanza ya Majilio, ubeti wa tatu ulikuwa haujaimbwa mwaka huu na sauti zote nne hata mara moja.

Jumapili yenyewe, Kasha ilikuwa na siku nne bila umeme. Kanisa lilijaa watu waliovaa nguo zisizopigwa pasi, na wanawake waliokuwa na muhogo usiosagwa nyumbani. Muzito ulipangwa baada ya komunyo. Kwaya ya vijana ilikaa upande wa pili, ngoma kati ya magoti, tayari.

Maman Adèle akasimama, akainua chuma kwa kamba yake, akakigonga mara moja.

Ubeti wa kwanza ulikwenda. Wa pili ulikwenda, na besi walisikika hadi mlangoni. Katika ubeti wa tatu alto wakatangulia. Tenor wakafuata, wachache, lakini wakafuata.

Balbu zote za kanisa zikawaka.

Nje kilima kikapiga ukelele. Piano ya vijana ikatoa mlio wake mdogo wa kuamka. Macho ya Colette yakapanda kwenye balbu, kisha yakashuka kwa Ignace. Macho ya kwaya nzima yakashuka kwa Ignace. Ilikuwa zamu yake kuingia.

Ignace aliitazama balbu. Wote waliokuwa karibu wanasema mguu wake mmoja ulitoka kwenye benchi. Maman Adèle hakumwita, na hakushusha mkono. Alimtazama tu, na nyusi zake, hata Jumapili, zilikuwa na unga.

Ignace akaingia.

Akaingia kwa nguvu, mguu mmoja nje ya benchi, besi wengine nyuma yake, chini ya alto na tenor, pale pale panapotakiwa. Soprano wakafunika. Ubeti wa tatu ukasimama imara, wa nne ukaja juu yake, na lile swali la utakuja lini likagonga bati la kanisa kama mvua ya mawe. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja katika benchi la mbele, aliyemjua yule mwashi wa zamani, alivua miwani yake akaisahau mkononi.

Noti ya mwisho ilipoisha, wanakwaya wakaanza kutoka.

Ignace alikuwa wa kwanza. Kisha Gloire. Kisha Colette, bila hata ya kusema pole. Abbé Alphonse aligeuka kutoa baraka ya mwisho, akakuta mabenchi ya kwaya ni matupu na Maman Adèle amesimama peke yake na chuma chake, kama mlinzi aliyeachwa na jeshi.

Alikuwa ameazimia kubaki. Anaapa kwamba alikuwa ameazimia. Lakini katika benchi la pili mwanamke mmoja alijiinamia mbele na kunong'ona, kwa sauti iliyosikika na wengi:

"Maman Adèle, weye uko unangoja nini?"

Akafanya ishara ya msalaba na kukimbia.

Saa moja baadaye foleni ya mabeseni ilikuwa imefika barabarani, na nusu ya walioshiriki Misa walikuwa humo. Papa Djafari alikuwa akipanga watu na kujisifu kwa kila mmoja. "Niliisikia kutoka hapa! Besi ilifika! Mimi njo nilisema wacha, ile siku ya chuma!" Abbé Alphonse aliteremka kilima akiwa bado na kanzu yake, akijitahidi kukwepa tope, na kusimama mbele ya mashine.

"Wimbo utabaki," alipaza sauti kuushinda mvumo. "Lakini baraka yangu, mutaikujia siku gani?"

"Baba Abbé, utoe hapa hapa," akajibu Maman Adèle bila kuacha kumimina muhogo. "Batu bako boote bako mu foleni."

Paroko alitazama foleni. Ni kweli, wote walikuwepo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa kesi, akainua mkono, akatoa baraka. Mashine ilikuwa na kelele kiasi kwamba hakuna aliyesikia neno, lakini kila mtu aliinamisha kichwa, na Papa Djafari akavua kofia yake kwa heshima.

Muzito una beti saba. Kwaya ya Kasha haijawahi kuvuka wa nne, tangu enzi za baba yake Maman Adèle. Kwa Majilio ya mwakani Maman Adèle anataka kufika wa tano, ambao anasema ndio mgumu kuliko yote na ndio mtamu. Ameshamwomba Ignace amkatie chuma cha pili, kwa ajili ya tenor wale watakaporudi kutoka Kamanyola, wafanye mazoezi nyumbani. Jina la yule asiyejulikana aliko ataendelea kuliita.

Umeme ulikatika jioni ya Jumapili ile ile, Colette akiwa na shati moja mkononi, upande mmoja umenyooka na upande mwingine bado. Mlango wa mteja wa Ignace haukuisha. Foleni ilibaki na mabeseni yake. Maman Adèle alifuta mashine kwa ufagio wa majani, akachukua kitambaa chenye chuma, akapanda ukumbini kuona kama kuna mtu.

Ignace alikuwa ameshakaa kwenye benchi la besi, gizani, peke yake. Alimuuliza itakuwaje mwakani umeme ukirudi kabla ya ubeti wa tano.

"Kwa courant, nilishakata tamaa," akasema Maman Adèle. "Kwa besi, bado."